Mama Suuza na Kisima Namba Saba

Ukienda nyumbani kwa Mama Suuza ukaomba maji ya kunywa, ujue utasubiri. Kikombe kitatolewa kabatini kikiwa safi, kitasuuzwa, kitainuliwa kwenye mwanga wa dirisha, kisha kitasuuzwa tena. Wanawe walipokuwa wadogo walikuwa wakimtania, "Mama, hiki kikombe kinakwenda harusini?" Naye alikuwa akijibu bila kugeuka, "Kinakwenda mdomoni mwa mtu. Harusi ni nini mbele ya mdomo?"

Jina lenyewe alilipata kazini, katika maabara ya kupima maji. Alikuwa muosha chupa. Kila aliyemsaidia kuosha, hata kwa dakika mbili, alisikia amri hiyo moja, suuza, na akidhani amemaliza aliisikia tena. Siku nyingi zikapita, watu wakasahau jina alilopewa na baba yake.

Hakuanza na chupa. Alianza na ufagio. Aliingia pale akiwa mama kijana wa mtoto mmoja, masomo yake yameishia darasa la nane kwa sababu baba alifariki na wadogo zake walikuwa wanne. Akafagia korido miaka miwili. Siku moja akakuta wapimaji wanagombana. Kipimo cha wiki nzima kimeharibika, wakasema, kwa sababu chupa moja ilikuwa na uchafu.

"Kwani ilikuwa na nini ndani?" akauliza, ufagio mkononi.

Mpimaji mmoja, mzee mwenye subira, akamwonyesha chupa ile. Aliigeuza huku na huku asione kitu. Ikang'aa kama jicho la mtoto.

"Huuoni," yule mzee akamwambia. "Chukua kijiko kimoja cha chai, ukimimine ndani ya malori kumi yaliyojaa maji. Sisi kazi yetu ni kukitafuta hicho kijiko. Sasa chupa ikiwa na uchafu wa kidole tu, tunapata kijiko ambacho hakikuwemo."

Siku hiyo alirudi nyumbani akavitazama vikombe vyake kwa jicho jingine. Nafasi ya muosha chupa ilipopatikana, aliiomba mwenyewe. Wenzake wakashangaa: nani anaomba kwenda kusimama kwenye sinki kutwa?

Kufikia mwaka wa kisa hiki alikuwa amesimama pale miaka kumi na tisa. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kina sinki mbili, meza ya vigae vyeupe, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Chupa ziliingia kwenye sabuni, zikatoka, zikalala usiku kucha kwenye beseni la tindikali, zikasuuzwa mara tatu kwa maji yaliyosafishwa mpaka hata chumvi hayana, zikakaushwa midomo chini. Ukutani alitundika daftari, na kila mkupuo wa chupa uliandikwa tarehe, idadi na saa.

Halafu alikuwa na jambo lake, ambalo hakuna mkubwa aliyemwagiza. Katika kila mkupuo alichagua chupa moja bila kupendelea, akaijaza yale maji safi, akaifunga, akaibandika tarehe, akaiweka kwenye rafu. Aliiita chupa shahidi. "Ikitokea mtu anasema chupa zangu chafu," alieleza, "muulizeni ndugu yao huyu. Wameoga pamoja."

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mama Suuza anafuga maji!" wakasema. "Yakizaa utugawie."

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mumewe alikuwa fundi visima, mtu wa vidole vinene na kicheko kikubwa, ambaye alikuwa amechimba karibu nusu ya visima vya mji ule. Naye alikuwa na chupa zake. Kila kisima alichochimba, alichukua chupa tupu ya soda, akatia udongo kwa mpangilio ule ule alioukuta ardhini: wa juu juu, wa chini chini. Chupa hizo zilijaa kwenye kingo za madirisha, nyekundu, kijivu, njano, zikidondosha vumbi.

"Nyumba hii ina watu wawili wenye chupa," Mama Suuza alikuwa akilalamika, "na mmoja wao ni mchafu."

"Wewe unakusanya hewa iliyooshwa," fundi akamjibu. "Mimi nakusanya dunia."

Basi waliishi hivyo, kila mtu na chupa zake, mpaka mwaka ambao kisima namba saba kilipimwa.

Mtaa wa bondeni ulikuwa na visima tisa vya pampu ya mkono. Maabara ilikuwa ikivipima mara moja kwa mwaka, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, ilikuwa na mashine mpya inayoweza kunusa metali zilizo kidogo sana. Visima vinane vilitoka vizuri. Namba saba, kilicho nyuma ya zahanati ya akina mama, kilitoka na kromu mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Kromu hiyo ni ile metali wanayopaka kwenye mabomba na bampa za magari ili zing'ae. Kwenye bampa ni pambo. Kwenye maji ya kunywa, aina yake ile mbaya ni sumu ya polepole.

Mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Daktari, aliwaita wafanyakazi kwenye chumba cha mikutano. Alikuwa mtu mwadilifu, lakini mwenye haraka, na haraka yake ilimpeleka pabaya.

"Karakana ya kupaka kromu ilikuwapo mtaa wa juu, ni kweli," alisema. "Ilifungwa zamani. Lakini tazameni ramani. Kati ya karakana na namba saba kuna kisima namba tatu na namba nne. Vyote viwili ni safi kabisa. Maji hayaruki kama panzi, yakaacha visima viwili yakatua cha tatu. Kwa hiyo kromu hii haikutoka ardhini." Akamgeukia Mama Suuza. "Zamani hapa tulikuwa tukioshea chupa ile dawa ya rangi ya chungwa. Dawa ile ina kromu ndani yake. Mama, huenda bado unayo kiasi, ukaitumia kwa mazoea?"

Mama Suuza alihisi uso unawaka moto. Ni kweli dawa ile ilikuwapo. Yeye ndiye aliyeifunga kwenye mapipa na kusaini karatasi ya kuondolewa kwake, miaka kumi na moja iliyopita, na vidole vyake vilikuwa bado na kovu lake.

"Daktari," alisema, "naomba dakika tano."

Akatoka. Watu wakatazamana. Wengine wakadhani amekwenda kulia. Alirudi amebeba daftari kwapani na chupa moja mkononi, ameishika shingoni kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Chupa ya namba saba iliogeshwa mkupuo wa Jumatatu," alisema, akafungua ukurasa. "Hii ni ndugu yake. Beseni moja, tindikali moja, maji mamoja. Kama nilitumia dawa ya chungwa, hata huyu atakuwa nayo. Mpimeni."

Mpimaji wa mashine mpya, binti aliyetoka chuoni miaka mitatu nyuma, aliinuka kabla hajaambiwa. Alikuwa miongoni mwa waliocheka kuhusu kufuga maji. Aliporudi, alisimama mlangoni.

"Hakuna kitu," alisema. "Mashine haikuona hata chembe. Mama, maji yako ni safi kuliko ninayotumia mimi kusafishia mashine."

Daktari alisugua paji la uso. Mtu mwingine angenuna. Yeye alisema, "Basi turudie. Na safari hii chupa nitaibeba mimi mwenyewe, wewe ukinisimamia."

Kesho yake asubuhi wakaenda wawili, Daktari na Mama Suuza, wamevaa glovu. Pale kisimani palikuwa na foleni ya akina mama na ndoo zao. Daktari akafungua kifuniko, akakigeuza kiganjani.

"Hapana!" Mama Suuza akamkemea kama anavyowakemea wanawe. "Ndani ya kifuniko hakushikwi. Hiyo chupa imekufa. Chukua nyingine."

Akina mama kwenye foleni wakacheka. Daktari akachukua nyingine. Akaisuuza mara tatu kwa maji ya kisima kile kile, akaijaza, akatia matone ya tindikali ya kuyatunza maji. Mama Suuza naye alifungua chupa shahidi pale pale, kwa muda ule ule, ili nayo ipate hewa na vumbi la mahali hapo, kisha akaifunga.

Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya njano akamsogelea. "Mwenzangu, mnatafuta nini? Maji haya meupe, hayanuki, hayana chumvi. Yamenilelea watoto wanne."

Mama Suuza angeweza kusema hajui. Alimtazama yule mwenzake machoni. "Dada, tunatafuta kitu ambacho hakionekani wala hakinuki. Kama kimo, kimo kidogo sana. Lakini unajua, haba na haba hujaza kibaba, na tumbo la mtoto ni kibaba kidogo. Tukikipata nitarudi mwenyewe kukuambia. Sitamtuma mtu."

Alasiri majibu yalitoka. Namba saba ilisoma kama mwanzo, karibu sawasawa. Chupa shahidi haikuwa na kitu.

Daktari alimkuta kwenye sinki. "Mama, nimekosa," alisema. "Nisamehe."

Mama Suuza alifunga bomba. Alikausha mikono yake taratibu, kidole kwa kidole. "Nimekusamehe, Daktari. Lakini uliponishuku, ulinishuku mbele ya watu."

Daktari aliinamisha kichwa. Halafu akaenda akawaita wote tena kwenye chumba kile kile, akasimama, akasema mbele yao kwamba alimdhania vibaya, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mkupuo wa chupa utakaotoka maabara bila shahidi wake. Mama Suuza alikaa wima kwenye kiti, mikono mapajani. Alikuwa akitaka kutabasamu na kulia, asifanye lolote. Baadaye binti mpimaji alimwambia kwamba siku hiyo alionekana kama mama wa bwana harusi.

Jioni ile ile alirudi kisimani kama alivyoahidi, akamtafuta mwanamke wa ndoo ya njano, akamwambia. Watu wa afya walikuwa tayari wanafunga mnyororo kwenye mpini wa pampu. Hawakushangiliwa. Walizomewa. "Mnatufungia kisima, mtatunywesha mate?" mtu mmoja alifoka. Mama Suuza alibaki pale mpaka gari la maji lilipofika, akieleza, akirudia, sauti ikikauka. Alipofika nyumbani alikuwa amechoka hoi.

Lakini swali la Daktari lilikuwa bado limesimama. Maji hayaruki. Kama kromu ilitoka karakana, imepitaje visima viwili bila kuvigusa?

Alimsimulia mumewe wakiwa mezani. Fundi alikuwa anatafuna taratibu. Ghafla akaacha.

"Namba nne umesema? Namba nne na namba saba ni kazi ya mikono yangu."

Akainuka, akaenda dirishani, akaanza kuzipekua chupa zake za soda huku vumbi likimwagika sakafuni. Kwa mara ya kwanza mkewe hakusema neno. Akarudi na mbili, akaziweka katikati ya sahani.

"Tazama, mama watoto. Hii namba nne. Juu udongo mwekundu, kisha mfinyanzi, mfinyanzi, mfinyanzi, mpaka kwenye mwamba. Mgumu, niliuchimba nikitukana. Sasa hii namba saba. Juu ni yale yale. Lakini mita kumi na moja, unaona?"

Mama Suuza aliinua chupa kwenye taa, kama afanyavyo na zake. Chini ya ule mfinyanzi kulikuwa na mchanga wa chembe kubwa, na ndani ya mchanga vijiwe vidogo vya mviringo, laini kama vimepigwa msasa.

"Vijiwe vya mto," alisema polepole.

"Ndiyo. Zamani za kale mto ulipita pale, ukafukiwa. Maji bado yanaijua njia yake. Hayarukii namba nne. Yanaipita ubavuni, kwenye mchanga, kama mtu anayepita kichochoro wakati wewe umemngoja barabarani."

Mama Suuza aliinuka akambusu mumewe kwenye upara. Fundi akashangaa mpaka akasahau chakula.

Kesho yake, kabla ya kumwambia mtu yeyote, alijaribu mwenyewe. Alikata sehemu ya chini ya chupa mbili za plastiki, akaziba midomo kwa kitambaa, akazigeuza. Moja akaitia mchanga, nyingine mfinyanzi uliopondwa. Akamimina maji yenye wino kote kuwili. Kwenye mchanga, maji yalishuka mara moja, yakatoka chini na rangi yake karibu yote. Kwenye mfinyanzi yalikaa juu, yakanyonywa kidogo kidogo, na yalipoanza kudondoka baada ya muda wa saa tatu hayakuwa na rangi. Udongo ulikuwa umeishika.

Wiki hiyo fundi visima aliingia maabara kwa mara ya kwanza maishani. Alivaa shati la pasi na viatu vya kanisani, akabeba chupa kumi na nne za soda ndani ya boksi. Mlangoni mkewe alimfuta vumbi mabegani. Akasimama mbele ya watu wenye digrii, akazipanga chupa mezani kwa jinsi visima vinavyokaa mtaani. Alianza kwa kigugumizi, lakini alipofika kwenye mchanga ulimi ukafunguka. Chupa nne kati ya zile zilikuwa na mchanga wa mto: ya namba saba, na tatu za visima vya watu binafsi vilivyofukiwa zamani, ambavyo maabara haikuwahi kuvipima. Mama Suuza, ambaye hakuwa ameombwa kusema, alichukua kalamu akaunganisha zile nne kwenye ramani. Mstari ukapinda mara mbili, ukapita pembeni mwa namba tatu na namba nne, ukaishia chini ya ile karakana ya zamani.

"Akili ni nywele," Daktari alisema, "na mimi nimeota upara."

"Upara ni mimi," fundi akamjibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Wakatoboa ardhi kwa keekee ndefu mahali patano kwenye mstari ule, fundi akionyesha wapi, Mama Suuza akitoa chupa. Kila walipoisogelea karakana, kromu iliongezeka. Shimo la tano, hatua ishirini kutoka ukutani, lilitoa maji yenye rangi ya njano hafifu, hata mashine haikuhitajika. Jengo lenyewe sasa lilikuwa ghala la magodoro. Waliyahamisha, wakavunja sakafu, wakakuta shimo la saruji ambamo mafundi wa zamani walikuwa wakimwagia maji ya kuoshea vyuma. Limepasuka kona moja, ufa usiozidi upana wa kidole. Kwa ufa huo, miaka na miaka, kidogo kidogo, sumu ilikuwa imejipatia mto.

Kazi ya kuiondoa haikuwa ya siku moja. Udongo uliojaa kromu ulichimbwa ukapelekwa kufungiwa mahali salama. Pampu ikawekwa juu ya ule mto wa zamani kuyavuta maji na kuyasafisha. Mtaa wa bondeni ulivutiwa bomba, na zahanati ikapata la kwake. Watoto wa mtaa wakapimwa. Wengi walikuwa salama, na wachache walioonyesha dalili wakaandaliwa matibabu na kufuatiliwa mwezi kwa mwezi. Mwanamke wa ndoo ya njano alipeleka wanne wake, akarudi nao wanne, akapita maabara makusudi kusema hivyo tu: "Wangu wako sawa." Kisha akaenda zake.

Ripoti ilipotoka, binti mpimaji aliileta chumba cha sinki ikiwa bado na joto la mashine ya kuchapia. Aliifungua ukurasa wa kwanza. Pale yanapoandikwa majina ya waliofanya kazi, chini ya Daktari na wapimaji, paliandikwa jina la mtu ambaye Mama Suuza alichukua sekunde kadhaa kumtambua. Lilikuwa jina lake kamili, lile la kwao, na pembeni yake: utayarishaji wa chupa na chupa shahidi. Mstari unaofuata ulikuwa wa mumewe: tabaka za ardhi.

"Mama, kwa nini unalisoma kwa sauti?" binti aliuliza.

"Nataka nilisikie," alisema.

Ameendelea kusimama kwenye sinki lile. Watu kutoka maabara nyingine hutumwa kwake kujifunza, wengine wakiwa na vyeo virefu kuliko korido, naye huwavalisha aproni bila kuwauliza vyeo. Kila baada ya miezi mitatu chupa za namba saba hurudi, na kila mara namba huwa imeshuka kidogo. Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya mvua, binti mpimaji alimwita akamkalisha kwenye kiti cha mashine na kumwomba asome mwenyewe. Mama Suuza alivaa miwani. Alisoma namba mara mbili, akifuata kila tarakimu kwa kidole. Ilikuwa chini ya kiwango, kwa mara ya kwanza.

"Bado tutapima tena mara mbili kabla ya kukifungua," binti alimkumbusha.

"Najua," alisema. "Nitaziosha."

Siku hiyo alitoka kazini mvua ikiwa bado inanyesha. Alikuwa na mwavuli mkobani, lakini hakuufungua. Alitembea mpaka nyumbani akiwa ameinua kichwa, akiwaitikia watu salamu zao mmoja mmoja, na mumewe alipomfungulia mlango alimkuta amelowa chapachapa, anacheka.